Kalamu Inayochekesha: Kazi ya Mchora Vibonzo

(Muziki wa kufungua kipindi, kisha unashuka polepole.)

MTANGAZAJI: Hiki ni kipindi chetu cha kazi na maisha, kimeandaliwa hapa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa ajili yenu mlioko kambini: Bwagiriza, Kavumu, Musasa, Nyankanda, Musenyi, na popote pengine karatasi hii itakapofika.

Tumeshazungumza kuhusu ushonaji, kuhusu sabuni ya mawese na kuhusu kufuga kuku. Leo tunaingia kwenye kazi ambayo mzazi akiiona huiita utundu. Mtoto amenunuliwa daftari la hesabu. Ukurasa wa kwanza una hesabu. Ukurasa wa mwisho una mwalimu, amechorwa na pua ndefu kama mpini wa jembe, na daftari limeshazunguka darasa zima. Mtoto anaadhibiwa. Lakini angalia jambo moja: mchoro haukuandikwa jina, na bado wanafunzi wote walijua ni mwalimu gani. Kazi yenyewe inaanzia hapo, mtu kutambulika.

Kwa jina, wenzetu wa Tanzania husema kibonzo au katuni. Wakenya husema katuni. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa, huku Burundi na kule Kongo, tukichora sura ya mtu kwa kuikuza tunasema karikatiri. Neno hilo lilitoka Italia, na maana yake ya mwanzo ni kupakia mzigo. Ukikaa bandarini hapa Rumonge utaelewa upesi. Wapagazi wanapakia bidoni za mawese kwenye boti, na wakiziweka zote upande mmoja, boti linalala upande huo. Mchoraji anafanya hivyo makusudi. Anachukua sura ya mtu, anaitafuta sehemu moja, paji la uso au masikio au meno ya mbele, anaipakia mzigo wote hapo mpaka sura ilale upande mmoja. Ajabu ni kwamba ikilala hivyo ndipo inafanana zaidi na mwenyewe.

Jaribu bila kalamu kwanza. Mfikirie mtu wa bloku yako unayemtambua akiwa bado mbali, kabla hujaona macho yake. Umemtambua kwa nini? Pengine kwa mwendo wa kuinama upande wa kushoto. Pengine kwa kofia asiyoivua hata jua likiwa kali. Pengine kwa namna anavyoshika redio kwenye sikio kama mtu anayesikiliza siri. Hicho ulichokitaja ndicho cha kukuza. Anayeanza hukosea kwa kukuza kila kitu: pua kubwa, masikio makubwa, tumbo kubwa, miguu midogo. Matokeo ni zimwi, na zimwi halina jina.

(Muziki mfupi.)

Kazi hii ina umri. Nitakupa kisa kimoja tu cha Ulaya kwa sababu ni kitamu. Ufaransa, mwaka 1831, mchoraji na mwenye gazeti Charles Philipon alishtakiwa kwa kumdhihaki mfalme Louis-Philippe. Mbele ya mahakama akachora sura nne zikifuatana. Ya kwanza ni mfalme. Ya pili ni mfalme lakini mashavu yameanza kushuka. Ya tatu imeshuka zaidi. Ya nne ni tunda la peasi. Akauliza ni ipi kati ya hizo yenye kosa, maana kila moja inafanana na iliyotangulia. Alipata kifungo, lakini watu wa Paris wakaanza kuchora peasi kwenye kuta za mji. Mwaka uliofuata mwenzake, Honoré Daumier, akahukumiwa miezi sita kwa kumchora mfalme huyohuyo akiwa jitu linalokula mali za watu. Mwaka 1835 ikatungwa sheria ya kuzuia michoro ya namna hiyo isitoke bila kibali. Serikali haiwezi kutunga sheria dhidi ya kitu kisicho na nguvu.

Huku kwetu watu walichagua njia nyingine, na mimi naiona ina akili zaidi. Badala ya kumchora mfalme, walimtunga mtu wao. Tanzania, katika gazeti la Uhuru, Christian Gregory alimtunga Chakubanga, mtu wa kawaida wa mjini ambaye kila siku ana balaa jipya. Jina likakua mpaka likawa neno. Watu walimwita mwenzao Chakubanga bila kufikiria gazeti. Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu miaka na miaka, mjinga ambaye ujinga wake unawaumbua wenye akili. Jarida la Sani la Dar es Salaam lilikuwa na Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge na Kipepe, na liliazimana nyumba hadi nyumba mpaka karatasi zikachanika. Baadaye akaja Masoud Kipanya na panya wake mdogo anayesema kile ambacho binadamu kwenye mchoro wanakimeza.

Angalia ujanja wake. Panya hana kabila wala chama. Anayeudhiwa na maneno ya panya atakuwa amejitaja mwenyewe. Na hili si geni kwetu: Warundi wana Samandari, watu wa pwani wana Abunuwasi, na sungura tunaye sote. Mchora vibonzo anachukua mtu wa namna hiyo, anamvalisha suruali ya leo, anampa simu iliyoishiwa chaji.

Sasa, siku ya kazi ikoje? Wengi wanadhani mchoraji anaamka, anacheka, anachora, analipwa. Nimesoma na kusikiliza mahojiano ya wachoraji kadhaa na mpangilio unafanana. Asubuhi hakuna kuchora. Kuna kusoma. Mchoraji wa gazeti anasoma habari kuliko mwandishi wa michezo, kwa sababu lazima ajue jambo gani watu watakuwa wanalizungumza kesho gazeti litakapotoka. Kisha kuna kikao cha wahariri, au simu na mhariri. Halafu anatoa mawazo matatu au manne kwa penseli, michoro midogo ya ovyo ambayo hata yeye peke yake ndiye anaielewa. Mhariri anakataa mawili. La tatu anasema litatupeleka mahakamani. Linabaki moja, na saa zimekwenda.

Kuchora kwenyewe ndiko kufupi. Penseli nyepesi, kisha wino mweusi juu yake, kwa kalamu ya nibu au brashi, kisha kufuta penseli wino ukikauka. Leo wengi wanachora moja kwa moja kwenye tableti, lakini waliojifunza kwa karatasi mkono wao unaonekana. Maneno huja mwisho, ndani ya kile kiputo kinachotoka mdomoni. Hapa kuna siri ndogo ambayo imenisaidia hata mimi kwenye redio: ukimaliza kuandika maneno, kata nusu. Kama mchoro bado unaeleweka, kata tena. Kibonzo kinachohitaji mistari mitano ya maelezo ni habari iliyokosa nafasi ukurasa wa kwanza.

Ukitaka kujua mtu mmoja aliyeifanya kazi hii mpaka mwisho wake, chukua Gado. Jina lake ni Godfrey Mwampembwa, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969. Alianza kusomea usanifu wa majengo katika Chuo cha Ardhi, akaacha, na mwaka 1992 akahamia Nairobi kuchora katika magazeti ya kampuni ya Nation. Fikiria wazazi wa kijana anayeacha kujenga maghorofa ili akachore mawaziri wenye matumbo. Akachora kwa zaidi ya miaka 20, karibu kila siku. Mwaka 2009 yeye na wenzake wakaanzisha kipindi cha televisheni, XYZ Show, ambamo vibonzo vilisimama na kusema: vikaragosi vya viongozi, vimetengenezwa kwa mpira, vinachezeshwa na watu walio chini ya meza. Sura ikikuzwa kwenye karatasi ni kazi ya mtu mmoja. Ikikuzwa kwa mpira inahitaji wachongaji, mafundi wa nguo, waigizaji wa sauti. Vijana wengi walipata mkate hapo.

Kisha upande wa pili. Januari 2015 serikali ya Tanzania ilizuia gazeti la The EastAfrican lisisambazwe nchini humo. Sababu iliyotolewa ilikuwa usajili. Lakini muda mfupi kabla, gazeti hilo lilikuwa limetoa kibonzo cha Gado kuhusu rais wa wakati ule, Jakaya Kikwete, na watu waliunganisha mambo hayo mawili. Mwaka huohuo Gado akaenda likizo ndefu ambayo hakuiomba, na mwaka 2016 mkataba wake haukuongezwa. Mwaka 2016 huohuo, mjini Geneva, alipewa tuzo ya kimataifa ya wachora vibonzo pamoja na Zunar wa Malaysia, ambaye wakati huo alikuwa anakabiliwa na mashtaka tisa ya uchochezi nchini kwake, yaliyofutwa baadaye mwaka 2018. Mkono mmoja unapokea tuzo, mwingine unatafuta kazi. Ndivyo ilivyo.

Ndiyo maana aliyefanikiwa mara nyingi huwa na kazi ya pili. Masoud Kipanya ni mtangazaji wa redio, na wengi wanamjua kwa sauti kabla ya panya wake. Mwaka 2022 alionyesha hata gari dogo la umeme alilolitengeneza. Usiniulize mtu anapata wapi muda.

(Muziki mfupi.)

Kabla sijaingia kambini, niruhusu nikae ziwani kidogo. Kuna mchoraji wa Kisangani, Barly Baruti, aliyezaliwa mwaka 1959. Yeye si wa vichekesho tu, anachora hadithi ndefu za picha, na alikuwa miongoni mwa walioanzisha karakana ya kufundishia wachoraji vijana Kinshasa. Mwaka 2014 kilitoka kitabu chake kiitwacho Madame Livingstone, maneno ya Christophe Cassiau-Haurie. Ni hadithi ya vita vya 1914 hadi 1918 kwenye ziwa letu hilihili: rubani Mbelgiji anatumwa kuizamisha meli ya Wajerumani, Graf von Götzen.

Meli hiyo unaijua. Ilitengenezwa Ujerumani, ikasafirishwa vipande vipande, ikaungwa Kigoma mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili isitekwe. Waingereza wakaitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ndiyo, ni ileile Liemba. Ni ileile ambayo mwezi Mei 2015 ilichukua Warundi waliokuwa wamejaa Kagunga, kwenye ule ufuo mwembamba chini ya mlima, ikawapeleka Kigoma. Kama wewe au mama yako mlipanda Liemba siku zile, mmesafiri ndani ya kitu ambacho mchoraji wa Kisangani amekichora kwa wino. Nasema hivi kwa sababu nikienda kambini vijana huniambia, “Sisi hatuna cha kuchora, huku hakuna kitu.” Huku kuna Liemba.

Sasa upande mzito. Kukuza sura ya mtu ni kumshika mwilini bila kumgusa, na kuna waliotumia mkono huo vibaya.

Mwaka 1930 na 1931 Mbelgiji aliyejiita Hergé alichora safari ya Tintin nchini Kongo, bila yeye mwenyewe kufika Kongo. Ukikitazama kitabu hicho utaona jambo la kiufundi: kila mzungu ana uso wake, lakini Wakongomani wote wana uso mmoja, midomo ileile, macho yaleyale. Hiyo si karikatiri. Karikatiri inamtofautisha mtu na jirani yake. Hii iliwafuta watu wote wakawa mtu mmoja. Mkongomani mmoja anayeishi Ubelgiji alipeleka kesi Brussels kutaka kitabu kizuiwe, na mwaka 2012 mahakama ikakataa. Mimi nisingekizuia pia, kusema kweli. Ningekiweka darasani kuwaonyesha wanaojifunza namna ya kutochora.

Na jirani zetu wa Rwanda, gazeti la Kangura, lililoanza mwaka 1990, lilijaza kurasa zake maneno na vibonzo vya chuki. Watu walichorwa ili waonekane si watu. Msomaji alicheka kwanza. Wengi hatupendi kukumbuka kwamba kicheko kilitangulia. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha ilimhukumu mhariri wa Kangura, Hassan Ngeze, mwezi Desemba 2003, pamoja na watu wawili wa redio RTLM. Kwenye rufani mwaka 2007 kifungo cha maisha cha Ngeze kilipunguzwa kuwa miaka 35. Kalamu na maikrofoni zilisimama kizimbani pamoja. Mimi ninayeongea nawe sasa hivi nina maikrofoni mbele yangu, kwa hiyo simsemi mchoraji peke yake.

Basi nisome barua. Imetoka kwa kijana wa miaka 19, jina na kambi yake ninavihifadhi. Anasema alichora foleni ya mgao wa chakula. Watu wamekonda kama vijiti, na mbele amesimama kiongozi wa bloku, tumbo limetangulia kufika kabla yake. Aliuchora kwa makaa nyuma ya boksi. Rafiki akaupiga picha, ukaingia kwenye simu, jioni ukawa umefika kila bloku. Wana wa kiongozi wakaja nyumbani kwa mama yake. Wazee wakaingilia kati, akaomba radhi. Anauliza: “Niache kuchora? Na kama siachi, nichore nini?”

Mdogo wangu, usiache. Lakini sikia.

Kwanza, ulimchora nani? Kama ulichora tabia, yaani mtu anayegawa huku akijipakulia, wana wake wasingekuja. Walikuja kwa sababu ulichora lile kovu la kidevuni, umeliandika mwenyewe kwenye barua. Mtu wa gazeti anamchora waziri, na waziri ana mlinzi na wakili, na mchoraji naye ana mhariri. Wewe na yule mzee mnachota maji kwenye bomba moja. Kama mzee anaiba, kuna njia za kulalamika ambazo zinadai ushahidi, na mchoro si ushahidi. Kama haibi, umemwekea doa ambalo yeye hawezi kulifuta kwa kalamu.

Pili, na hili ni kubwa kuliko ugomvi wa wana wa mzee: sura inayotambulika ikiingia kwenye simu haina mpaka. Kambini kuna watu waliokimbia mtu maalumu. Kuna mama ambaye hata ndugu wa mume hawajui yuko nchi gani. Umemchora kwenye foleni, wa tatu kutoka mbele, na umemchora vizuri mno, na kitambaa chake, na mtoto wake mwenye mguu mmoja mfupi. Picha ikifika Uvira, ikifika Baraka, umemwonyesha alipo. Hukuwa na nia mbaya hata kidogo. Kwa hiyo usichore mtu wa kambini akatambulika bila kumwonyesha mchoro na kumuuliza, na bila kumweleza kwamba unaweza kusambaa. Akisema hapana, ni hapana.

Kwa hiyo uchore nini? Tunga mtu wako. Rudi kwa Chakubanga, rudi kwa panya. Naomba usitunge panya, ameshachukuliwa. Lakini ndoo je? Ndoo ya njano inayosimama kwenye foleni ya maji kwa niaba ya mwenye ndoo, inasikia kila kitu, inajua siri za bloku zote. Au kuku wa mgeni anayekataa kuchinjwa kwa sababu hana karatasi. Nimewaza tu, nakuachia wewe.

Hapa Rumonge kuna kijana anayeandika vibao vya maduka na majina ya boti. Maji ya ziwa yalipopanda na kipindupindu kikatajwa tena, kama kinavyotajwa mara kwa mara kwenye ufuo wetu, aliombwa achore bango kuhusu kwenda haja ziwani. Mabango ya kawaida unayajua: mtu mgonjwa, macho yameingia ndani, maandishi mekundu. Watu wanapita wakitazama chini. Yeye alimchora mukeke, samaki wetu, amebeba sanduku kichwani na wanawe wanamfuata nyuma wakiwa wamebana pua, wanaogelea kuelekea Kigoma. Kwenye kiputo aliandika maneno matatu: “Na sisi tunakimbia.” Wavuvi walisimama. Walicheka, kisha mmoja akawa anamwambia mwenzake yaleyale ambayo wahudumu wa afya walikuwa wamesema mwezi mzima.

Ukipata kazi ya namna hiyo kambini, na kazi hizo zipo, kwa sababu mashirika yanahitaji mabango ya afya, ya shule, ya ulinzi wa watoto, jifunze kupima mchoro kabla haujachapishwa. Wahudumu wa afya husimulia kisa cha bango la malaria lenye mbu aliyechorwa mkubwa kama mbuzi ili aonekane. Wanakijiji wakasema: pole zenu, sisi mbu wetu ni wadogo. Kama kisa ni cha kweli au kimetiwa chumvi, somo lake kwa mchoraji ni lilelile. Alama ya msalaba mwekundu juu ya kitu kwako ina maana ya “usifanye”. Kwa bibi asiyepitia shule ni msalaba tu, labda wa kanisa au wa dispensari. Picha nne zinazofuatana wewe unazisoma kutoka kushoto. Mwingine anaanza na ile kubwa. Kwa hiyo chukua mchoro wako, funika maneno, mwonyeshe mama mmoja, mzee mmoja, mtoto mmoja. Usiulize “umeelewa?”, kwa sababu kwa adabu watasema ndiyo. Uliza, “Mama, huyu anafanya nini?” Kisha nyamaza.

Vifaa havikatishi tamaa. Bik nyeusi inatosha kujifunzia mwaka mzima. Makaa ni mazuri kwa vivuli, lakini yanafutika, kwa hiyo usiyatumie kwa kazi ya kuuza. Upande wa ndani wa boksi unakubali wino kuliko karatasi nyembamba ya daftari, ambayo inavuja. Ukipiga picha mchoro kwa simu, uweke karibu na mlango wakati wa mchana, simu ikiwa sawasawa juu yake, bila taa ya simu. Picha iliyopigwa upande inampa mtu wako kichwa cha pembetatu ambacho hukukikusudia.

Na malipo. Wachoraji wengi hulipwa kwa mchoro mmoja mmoja, si kwa mwezi. Kambini mara nyingi utapewa posho. Hata hivyo uliza mapema mambo haya, kwa upole: Je, mchoro ukirekebishwa mara ya tatu unalipwa? Karatasi ya asili inabaki kwa nani? Mchoro ukitumiwa tena mwakani, au kambi nyingine, inakuwaje? Jina langu litaandikwa? Wengine watakujibu, wengine watashangaa kwamba mkimbizi anauliza. Uliza hivyo hivyo, na majibu uyaandike. Sahihi yako iweke ndani ya mchoro, karibu na miguu ya mtu, si pembeni kabisa, kwa sababu pembeni hukatwa na mtu anayetuma kwenye simu. Kama hupendi jina lako lijulikane, tumia jina la kuchorea. Gado na Zunar wote wanajulikana kwa majina ya kazi.

Kwa wazazi nina neno moja tu. Mtoto akichora nyuma ya daftari la hesabu, mnunulie daftari la pili. Ni rahisi kuliko ugomvi, na hesabu zitabaki safi.

Tunapokea michoro mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Mtunge mtu wako, ndoo, kuku, samaki, chochote, mpe jina, mchore mara moja akiwa na tatizo moja la kambini na maneno yasiyozidi sita. Usichore mtu anayeishi karibu yako. Usiukunje mchoro katikati ya sura. Uzungushe kama mkeka, ufunge kwa uzi, umkabidhi msimamizi wa kikundi cha wasikilizaji cha bloku yako. Nyuma yake andika umri wako na jina la kuchorea. Michoro mitano tutaichapa kwenye karatasi ya kipindi kitakachofuata, na wenye michoro watarudishiwa asili zao mkononi.

Wiki ijayo ni fundi baiskeli. Atatuonyesha jinsi ya kuziba pancha bila gundi ya dukani.

(Muziki wa kufunga kipindi.)